Maskati, Milano au Montreal: tazama jua kabla ya mshahara

Mpwa wangu ana njia tatu mbele yake na hajui ashike ipi. Kuna kazi ya hoteli Maskati. Kuna mama yake mdogo, dada yangu mimi, aliyeolewa Milano, anayesema aje akae kwake atafute kazi ya jikoni. Na kuna chuo Montreal kilichomwandikia kwamba nafasi yake ipo. Alinijia barazani hapa Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) baada ya isha, akaniamkia, akaketi, akanifungulia simu yake. Safu ya kwanza mishahara, ya pili kodi ya nyumba, ya tatu nauli. Nikamuuliza safu ya jua iko wapi. Akacheka.

Sikuwa nafanya mzaha. Mimi ni fundi wa sola, kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu na kukadiria jua litapita wapi. Nimefanya kazi Maskati miaka miwili, na Milano nimekaa Desemba moja nzima. Mshahara mtu huweza kuomba uongezwe. Pembe ya jua huombi kwa yeyote.

Saa yetu na jua letu

Nilianza na saa. Sisi huhesabu saa moja ya mchana jua likishachomoza, na saa moja ya usiku likishatua. Hesabu hiyo inafaa kwa sababu tuko digrii 3 tu kusini mwa Ikweta. Lamu ni 2 na kitu. Hapa Malindi siku iliyo ndefu kuliko zote, ya Desemba, huizidi ile fupi kuliko zote, ya Juni, kwa dakika 22 hivi. Mama akimwambia mtoto arudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, hana haja ya kutaja mwezi.

Ipeleke saa hiyo Milano. Mwezi wa Juni jua la huko hutua saa tatu na robo usiku, na hilo neno "usiku" linakuwa la uongo, maana watoto bado wako nje na mpira. Desemba hutua saa kumi na dakika arobaini, na asubuhi halichomozi mpaka saa mbili. Siku yangu ya pili kule nililala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nilipoamka giza tupu; nikaruka kutafuta udhu nikidhani magharibi na isha zote zimenipita. Ilikuwa saa kumi na moja.

Hizi hapa namba nilizomwandikia. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hakuna aliyemwita huko. Nimeitia ili aone barabara hii inaishia wapi.

| | Malindi | Maskati | Milano na Montreal | Tromsø |
|---|---|---|---|---|
| Latitudo (digrii kutoka Ikweta) | 3.2 kusini | 23.6 kaskazini | 45.5 kaskazini | 69.6 kaskazini |
| Siku ndefu kuliko zote | saa 12 dk 18 | saa 13 dk 35 | saa 15 dk 40 | jua halitui |
| Siku fupi kuliko zote | saa 11 dk 56 | saa 10 dk 41 | saa 8 dk 42 | jua halichomozi |
| Kimo cha jua la adhuhuri, Juni (90 ni utosini) | digrii 63 | karibu 90 | 68 | 44 |
| Kimo cha jua la adhuhuri, Desemba | digrii 70 | 43 | 21 | chini ya upeo wa macho |

Milano na Montreal nimeziweka safu moja kwa sababu zina latitudo moja. Jua lao ni moja. Lakini usidhani makoti yao ni mamoja, hilo nitalifikia.

Jua haliko mbali, limeinama

Hapa mtaani wengi wanaamini Ulaya ni baridi kwa kuwa iko mbali na jua. Mambo ni kinyume. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na hulikimbia mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Basi Milano inapotetemeka ndipo dunia nzima ilipo karibu na moto.

Kinachofanya kazi ni mwinamo. Mhimili wa dunia umeinama digrii 23.4, na dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama vivyo hivyo mwaka mzima. Juni upande wa kaskazini unalielekea jua, Desemba unalipa kisogo. Jua la utosi, yaani lile linalosimama juu ya kichwa hata kivuli kikajificha chini ya miguu, halitoki nje ya ukanda ulio kati ya digrii 23.4 kaskazini na 23.4 kusini. Kwetu Malindi hupita mara mbili kwa mwaka: wiki moja hivi kabla ya tarehe 20 Machi likielekea kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba likirudi. Milano halijapata kupita hata siku moja.

Nilichukua tochi nikamulika sakafu kwa wima. Duara dogo, kali. Nikaiinamisha, duara likawa yai refu, na mwanga ukafifia. Betri ni ileile. Mwanga ambao hapa ungeanguka juu ya mita moja ya mraba, Milano adhuhuri ya Desemba, jua likiwa digrii 21, hutandazwa juu ya karibu mita 2.8 za mraba, tena baada ya kupenya hewa nyingi zaidi njiani. Ndiyo maana paneli zangu hapa nazilaza karibu bapa, nikiziinua digrii kumi tu ili mvua ioshe vumbi, huku mafundi wa Milano wanazisimamisha zitazame kusini kama mtu anayenyoosha shingo dirishani. Ng'onda ungemwanika kule Desemba angeoza kabla ya kukauka.

Kuna jambo moja lililomshangaza mpwa wangu, nami lilinishangaza niliposoma mara ya kwanza. Tarehe 21 Juni, ukihesabu saa 24 zote, ncha ya kaskazini hupokea nguvu nyingi za jua juu ya angahewa kuliko Ikweta, kwa sababu jua halitui kabisa. Lakini kule kuna barafu, na barafu huurudisha mwanga angani kama kioo. Miezi sita ya giza nayo ina deni lake.

Maskati: jua letu bila mawingu yetu

Mtu wa pwani akisikia Maskati husema, "Kule ni kama kwetu, joto tu." Nilisema hivyo mimi mwenyewe, na mwezi wa Juni nikajuta.

Maskati iko takriban juu ya mstari wa mwisho wa jua la utosi. Kwetu jua hilo hupita haraka, siku chache, likaenda zake. Pale mwisho wa njia hugeuka taratibu, kama jahazi linalobisha upepo, likakaa juu ya kichwa wiki kadhaa. Juu ya hayo mchana ni mrefu kuliko wetu kwa zaidi ya saa moja na nusu. Na juu ya yote, hakuna wingu.

Mawingu yamekwenda wapi? Yako kwetu. Hewa ya Ikweta ikipata moto hupanda, ikifika juu hupoa, inamwaga maji yake, na huko ndiko zinakotoka mvua za ukanda wetu. Ikishakamuliwa, hewa hiyo huelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka mahali palipo karibu na digrii 30. Ikishuka hupata joto na kukauka zaidi. Mwingereza George Hadley alieleza mzunguko wa namna hii mwaka 1735 alipokuwa akitafuta sababu ya pepo za biashara, zile zinazovuma mwaka mzima kuelekea Ikweta. Tazama ramani: Sahara, Arabuni, na kusini Kalahari na majangwa ya Australia, yote yamepangwa kwenye ukanda huo. Malindi hupata milimita elfu moja hivi za mvua kwa mwaka; Maskati hupata kama mia moja.

Mkanda huo wa mvua nao hulifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Ukipita kwenda kaskazini tunapata masika, ukirudi tunapata vuli. Na kwa kuwa bara la Asia hupoa sana majira yao ya baridi na kupata moto sana majira ya joto, upepo hugeuka: kaskazi inatuletea majahazi kuanzia Desemba, kusi inayarudisha. Babu zetu waliokwenda Maskati walipima safari yao kwa nyota ya jaa, yaani nyota ya kaskazini. Hapa kwetu nyota hiyo haionekani, iko chini ya upeo wa macho. Ukivuka Ikweta huanza kuchungulia, na kila digrii unayopanda nayo hupanda digrii moja. Manahodha walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Wakiona nyota imesimama digrii 23 na nusu, wanajua wamefika usawa wa Maskati.

Turudi kwenye joto. Oman imepiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Qurayyat, si mbali na Maskati, haukushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Soma tena: hicho ndicho kipimo cha chini kabisa cha siku hiyo. Kiangazi maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa ya kuchoma, kwa hiyo tulikuwa tunazima hita ya ndani na kuyatumia maji ya hita yaliyopoa. Mtu hujifunza kuoga kinyumenyume.

Lakini sitaki kuionea. Kuanzia Novemba mpaka Machi, Maskati ni mahali pazuri mno. Jua la Desemba liko digrii 43, hewa kavu, jioni unavaa shati la mikono mirefu na kukaa ufukweni. Kama kazi ni ya ndani, yenye kiyoyozi, kiangazi kitakuwa kero lakini si adhabu. Nilimwambia aulize swali moja kabla ya kutia saini: atakuwa mapokezi, au atakuwa bwawani akibeba viti?

Milano na Montreal: jua moja, baridi mbili

Waitaliano tunawajua. Wengine walijenga hapa kwa sababu ya bahari, lakini wa mwanzo miongoni mwao walikuja kwa sababu ya latitudo. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma baharini yaliyowekwa na Waitaliano miaka ya 1960 ili kurushia roketi. Dunia ikijizungusha, mtu wa Ikweta huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mtu wa Milano kama 1,170 tu. Roketi inayoanzia kwetu tayari imesukumwa. Satelaiti iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo mpwa wangu akienda Milano atakuwa anaifuata njia yao kinyume, kutoka kwenye kasi kwenda kwenye utulivu.

Milano ina misimu minne ya kweli. Julai wastani wa joto ni karibu nyuzi 25, ambao si haba, na usiku una unyevu na mbu. Januari wastani ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Jumla ya mvua ya mwaka haipishani sana na ya Malindi, jambo ambalo watu hapa hawaliamini. Tofauti ni kwamba yetu huja kwa fujo ikaondoka, yao hudondoka. Na bonde la mto Po ni maarufu kwa ukungu. Kuna siku za Desemba nilizoona mwanga lakini jua lenyewe sikuliona.

Dada yangu baada ya miaka kule alianza kuumwa mifupa. Daktari akampima, akampa vitamini D. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa mionzi ya jua, na kwenye latitudo hizo jua la baridi limelala mno, mionzi inayotakiwa haifiki ya kutosha. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, na mwanamke anayevaa buibui hulipata kidogo zaidi. Serikali ya Uingereza inawashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku majira ya vuli ya kule na ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Vidonge hivyo ni bei rahisi. Vitie kwenye safu ya gharama na uendelee.

Sasa Montreal. Latitudo ileile, digrii 45.5, urefu wa siku uleule mpaka dakika. Lakini wastani wa Januari wa Montreal ni kama nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Kwa nini? Katika latitudo hizo upepo mwingi hutoka magharibi. Ulaya huupokea kutoka baharini, bahari ya Atlantiki ambayo baridi haijaishinda, na Milano ina milima ya Alpi mgongoni mwake inayozuia hewa ya kaskazini. Montreal iko upande wa mashariki wa bara. Upepo unaoifikia umekwisha kutembea juu ya nchi kavu iliyoganda. Jua linakupa haki sawa, upepo ndio unaogawanya.

Jambo hili tunalijua hapa nchini ila hatuliiti kwa jina. Nairobi iko digrii 1 na kitu kusini, karibu na Ikweta kuliko sisi, na Julai watu wake wanavaa sweta, kwa kuwa mji uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mlima Kenya uko karibu juu ya Ikweta yenyewe na una barafu. Ukiuliza latitudo, usisahau kuuliza na mwinuko, na bahari iko upande gani wa upepo.

Kwa Montreal kuna mawili ya kuitetea. Siku zake za baridi mara nyingi ni angavu kuliko za Milano, theluji inametameta, na mwanga unampa mtu moyo. Pia mji umejengewa njia za chini ya ardhi za zaidi ya kilomita 30. Mwanafunzi anaweza kutoka kwenye treni akafika dukani bila kuvaa glovu. Kama angekuwa anakwenda kubeba mizigo bandarini ningemwambia asiguse. Anakwenda kusoma, na kusoma ni ndani.

Swala na saumu

Hili alilisahau kabisa kwenye simu yake, naye ndiye anayeadhini msikiti wa mtaa wetu kila Jumapili.

Alasiri kwetu Mashafii huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, baada ya kuongeza kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Malindi, zile siku za jua la utosi, hicho cha kuongeza ni sifuri. Milano Desemba kijiti cha mita moja kina kivuli cha mita 2.6 adhuhuri yenyewe. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne na kidogo. Mwajiri asiyeelewa atadhani unatoroka kazi.

Saumu ndiyo inayotisha watu, na hapa nina habari njema. Ramadhani ikiangukia Juni, Milano hufunga kama saa 18. Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na sasa inaelekea kwenye baridi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Desemba mfungaji wa Milano hufunga saa kumi na nusu, wa Malindi saa kumi na tatu na nusu. Kwa miaka mingi ijayo atakuwa anafunga saa chache kuliko mama yake. Mzigo wa Juni utamkuta mwishoni mwa miaka ya 2040, naye mtu mzima. Maskati haina tofauti kubwa na kwetu. Tromsø jua halitui kuanzia katikati ya Mei mpaka karibu na mwisho wa Julai, na halichomozi kutoka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Wako wanaofuata saa za Makka. Huko kwangu ni pa kutembelea.

Ningekuwa yeye

Kama ni kazi ya juani, ningemfutia Maskati bila kufikiri. Kama ni ya mapokezi, naiweka ya pili. Milano naiweka ya tatu, na dada yangu akisoma hapa atanipigia simu: ukungu na jiko la mgahawa lisilo na dirisha, kwa kijana aliyekulia nje, hapana. Montreal ya kwanza, kwa sharti kwamba afike Agosti au mapema Septemba, mwili ushuke taratibu pamoja na jua. Asifike Januari.

Nilimpa pia hesabu ya kubeba, kwa sababu barua nyingine zitakuja. Chukua 90, toa latitudo ya mji. Hicho ndicho kimo cha jua la adhuhuri Machi na Septemba. Kwa mji wa kaskazini, nje ya ukanda wa jua la utosi, ongeza 23.4 upate Juni, toa 23.4 upate Desemba. Ikishuka chini ya 20, nunua koti na vidonge vya vitamini kabla ya tiketi.

Akaijaribu palepale kwa Stockholm, ambako ana rafiki. Tisini, kutoa 59.3, kutoa 23.4. Akaiangalia namba aliyoipata, digrii 7 na kitu, akaniuliza, "Mjomba, hilo ni jua au ni chemli?"